Mahindi Mapya na Neno Nililolichagua

Jumanne, Griftu. Vumbi tangu asubuhi, na joto limekataa kushuka hata baada ya alasiri.

Leo nimewafukuza watu kwenye chakula. Sikukusudia, lakini ni mimi.

Mimi ni karani katika ofisi ya mifugo. Kwa kuwa nilisomea Nairobi, kila mgeni asiyejua Kisomali huletwa kwangu nimtafsirie. Wa leo ni Bi. Nekesa, mama mpole aliyekuja kukusanya maoni kuhusu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Hakuyaleta. Alikuja kuuliza tu: yakifika sokoni siku moja, mtayala? Mkutano uliwekwa siku ya mgao wa unga wa msaada, kwa sababu siku hiyo akina mama wote huja. Magunia yalikuwa pale pale, nyuma ya kiti chake.

Alieleza vizuri. Mimi nilipofika kwenye "vinasaba" nikakwama. Akina mama wananitazama, jasho linanitoka, nikasema "abuur la beddelay". Mbegu iliyobadilishwa.

Abuur kwetu ni mbegu. Lakini ndilo neno hilo hilo tunalotumia tukisema Mungu ameumba. Nililisikia kosa langu kabla sijafunga mdomo.

Eeddo Habiba, dada wa marehemu baba yangu, alisimama wa kwanza. "Nani amebadilisha alichoumba Allah? Halafu mnatuletea sisi tukile?" Kidole chake kilielekea kwenye magunia.

Mama mwingine akasema amesikia chakula hicho kinafunga kizazi. Minong'ono ikaanza.

"Wanasemaje, Sahra?" Bi. Nekesa akaniuliza, kalamu mkononi.

"Wana wasiwasi kidogo," nikajibu.

Kidogo! Walikuwa wameshaanza kuondoka, bila unga.

Ningeweza kupaza sauti. Ningesema unga ule ni wa kawaida, ule ule wa mwezi uliopita, hauhusiani na maswali ya mgeni. Nilijua. Nikanyamaza. Niliona aibu, na niliogopa kuonekana natetea kitu kinachomgusa Mungu. Tena, niseme ukweli, mahindi hayo mapya yananitia hofu hata mimi. Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Huyu anasema ni salama, yule anasema ni saratani, na mimi sijui nani wa kumwamini.

Baada ya adhuhuri sikuweza kukaa ofisini. Nikaenda kwa eeddo. Nilimkuta akimnywesha mjukuu wake Ilhaam chai ya rangi yenye sukari. Ilhaam ana miaka miwili. Wiki iliyopita nesi alimpima mkono kwa ile tepe ya kupimia utapiamlo, ikasoma manjano, yaani yuko hatarini, na eeddo akaambiwa mtoto asikose uji hata siku moja.

"Eeddo, unga wa leo hauna kitu. Kosa ni langu, nilitumia neno baya."

Aliweka kikombe chini. "Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niliona aibu, eeddo."

"Na hayo mahindi yaliyobadilishwa," akasema, "wewe ungempa mtoto wako?"

"Sijui, eeddo. Wallahi sijui."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akajifunga shuka yake vizuri. "Ungeniambia ni mazuri, nisingekuamini. Haya, twende stoo tukachukue unga."

Alichukua fungu lake. Kisha tukazunguka nyumba kwa nyumba, yeye mbele, mimi nyuma kama mtoto aliyevunja sahani ya watu. Wawili walikubali wakaenda kuchukua. Nyumba ya tatu hawakufungua mlango. Sauti ya mwanamke ilitoka ndani: "Asubuhi umesema hivi, sasa unasema vile. Tukuamini saa ngapi?"

Hayo maneno bado yananichoma.

Ilhaam amekunywa uji, kikombe kizima. Nilimtazama mpaka alipomaliza, na hata hivyo moyo haukutulia, kwa sababu najua watoto wengine ambao leo hawakupata. Stoo inafungwa kesho saa sita, na unga uliobaki utarudishwa Wajir.

Bi. Nekesa bado yupo mjini. Katika daftari lake nimeona ameandika kwamba watu wa Griftu wanayakataa mahindi hayo. Labda wanayakataa kweli, ni haki yao. Lakini leo hawakuulizwa. Walichokataa ni neno langu.

Asubuhi nitamwambia kosa langu, kabla hajapanda gari. Atanidharau, na huenda mkubwa wangu akasikia. Nitamwomba tuwaite akina mama tena, na nitaeleza taratibu, hata neno moja likichukua nusu saa. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Ninachoogopa ni kwamba huenda wasije.