Mashine ya Sikio ya Jumapili

Sharja,
Ijumaa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukishaipokea ya kwako, mpe Mama shikamoo yake pale kitandani, na umshike mkono unapompa. Mmeamkaje? Maumivu ya nyonga yanamruhusu kulala? Na kifua chako kinachosumbua msimu wa baridi, na ng'ombe, na mahindi ya kule mteremkoni, vikoje vyote? Mimi mwili haujambo. Joto la huku limeanza kushuka kidogo, mtu anaweza kutembea hadi dukani bila shati kuloa. Kinachoniumiza kiko moyoni, na ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho uliishika, ukapaza sauti kwamba u mzima, Mungu anibariki, nifanye kazi, ukakata kabla sijafungua mdomo. Wenzangu watano wa chumbani walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama peke yangu. Karatasi itakungoja mpaka uvae miwani. Kwa Kiiraqw ningeyasema vizuri zaidi haya, lakini shule ilitufundisha kuandika Kiswahili tu, kwa hiyo nivumilie.

Sikuwahi kukueleza vizuri kazi yangu ni nini. Niko kwenye ghala la vitu vinavyorudi. Huku watu wananunua kwa simu, mzigo unaletwa mlangoni, na asiyeridhika ana siku kadhaa za kuurudisha. Ukirudishwa unakuja mezani kwetu, mimi na mwenzangu Shabani. Tunafungua boksi, tunachomeka kwenye umeme, tunaangalia kama kitu ni kizima, tunaandika sababu ya kurudi. Shabani ndiye huyo aliyekuletea barua hii. Kwao wanauza vitambaa pale Katesh, amenizidi umri kama kaka mkubwa, na anakuja likizo. Tafadhali asiondoke bila kunywa chai.

Nilipoanza kazi nilidhani vitu vinarudi kwa sababu vimeharibika. Sivyo. Vingi ni vizima kabisa. Saa ya mkononi inayomhesabia mtu hatua zake inarudi nzima. Mashine ya kukanda miguu inarudi nzima. Ipo moja ya duara inayotambaa yenyewe sakafuni ikifagia, ungeiona ungesema ni kobe aliyepotea. Ilipotoka watu waliigombania, na baada ya wiki mbili iko mezani kwangu, kwa sababu mwenye nyumba amechoka kuisogezea viti. Lakini birika la umeme halirudi. Feni hairudi. Chaja ya simu hairudi, hata ile mbovu. Shabani husema kitu kinachokaa kwa mtu ni kile ambacho mkono unakifuata kabla kichwa hakijafikiri. Kinachotaka mtu apange siku yake upya ili kipate nafasi, hata kiwe kizuri namna gani, tutaonana nacho tu.

Nikamwambia hata kwetu Endasak ni hivyo hivyo. Ile taa ya sola niliyoleta, uliigongea msumari juu ya meko siku ileile. Imekuwa nyeusi kwa moshi na bado inawaka. Lakini mashine ya kupukuchua mahindi mliyochangia ndugu watano mkainunua mnadani imelala bandani, kuku wanatagia humo. Inataka mafuta na magunia kumi kwa mpigo, na kwetu mtu anapukuchua debe moja la kupeleka kusaga. Nilikuwa najiona mtaalamu, Baba. Nilijua kwa nini kila kitu kinapendwa au kinakataliwa, isipokuwa kile nilichokutumia mimi mwenyewe.

Nasema mashine ya sikio. Dada Paskalina alinipigia picha karatasi ya vipimo vyako vya hospitali, nikaipeleka kwa fundi wa masikio hapa mjini, akanipa inayokufaa. Ilipokufikia, dada alinitumia picha. Umesimama mbele ya kanisa na koti lako la harusi, mashine imekaa sikioni, umenyoosha shingo kama unapigwa picha ya kitambulisho. Niliionyesha hiyo picha ghala zima. Baada ya hapo kila nikiuliza kama unaivaa, Paskalina anajibu unaivaa. Hakunidanganya. Hakusema tu ni siku gani.

Kisha ikaja ile Jumanne. Sikusimulii wewe uliyekuwepo. Naandika ili ujue mimi niliambiwa nini, na nilifanya nini nilipoambiwa. Paskalina alisema Mama aliteleza kwenye matope ya zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unachonga nira, umempa mgongo, hatua zisizofika thelathini. Sauti ya Mama haijapanda tena tangu alipopasuliwa goita shingoni, na kuita kwake ni kunong'ona. Aliita mpaka akachoka. Alilala palepale, manyunyu yakimwangukia, mpaka Paskalina aliporudi kutoka mashineni na unga. Mashine ya sikio ilikuwa ndani ya boksi lake, boksi ndani ya sanduku, chini ya koti. Jumapili ilikuwa bado mbali.

Nilikukasirikia, Baba. Naliandika wazi kwa sababu ukiniangalia usoni utalijua hata nisiposema. Nilijiuliza mtu anapewaje masikio akayafungia sandukuni. Nilikuwa na maneno mabaya mdomoni, na nashukuru kwamba siku ile simu ilitushinda.

Paskalina akaendelea kunieleza, nadhani alitaka kunituliza. Alisema kila Jumapili uliivaa, na kila Jumapili ngoma, kinanda na spika za kwaya zilikuingia kichwani kama mtu anamwaga kokoto kwenye debe. Uliivumilia hadi mahubiri, kisha ukaizima, lakini hukuivua, watu wasije wakasema mtoto wako amekutumia kitu kibaya. Halafu akaniambia neno la mwisho. Siku mliyomtoa Mama hospitali, ulilifungua boksi, ukaifuta ile mashine kwa leso safi, ukamwambia dada:

"Mwambie Emanueli mashine yake ni nzima. Haina hata mkwaruzo."

Sikulielewa neno hilo. Nilidhani unaikataa, unanirudishia. Asubuhi yake kazini nilikuwa natupa maboksi badala ya kuyaweka, mpaka Shabani akanishika bega akauliza kuna nini. Nikamwaga yote. Nikamwambia ile mashine haifai, yule fundi ameniuzia takataka, nitamrudishia anipe pesa yangu. Shabani akasikiliza, kisha akauliza polepole, kama anavyowauliza wateja:

"Ulipompelekea, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aitunze, ni ghali."

"Basi ameitunza," akasema, akachukua boksi jingine.

Nilikaa chini juu ya mzigo wa watu. Baba, yule fundi alinieleza kila kitu siku ile dukani. Alisema sikio lililokaa kimya miaka mingi linajifunza upya kama mtoto. Alisema wiki za mwanzo mzee avae nyumbani, mahali patulivu, na mtu mmoja akizungumza naye, saa chache kila siku, halafu zaidi. Kanisani na mnadani ni mwisho kabisa, kichwa kikishazoea. Mimi nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku nawaza nilivyohangaika kuipata. Kati ya maneno yake yote sikukufikishia hata moja. Nilikufikishia la kwangu: mwambie Baba aitunze sana.

Na kwetu kutunza ni nini? Ni wewe uliyetufundisha. Sahani za maua ni za wageni. Koti la harusi ni la misa. Kochi lina plastiki yake tangu lilipotoka dukani, na wajukuu hawalikanyagi. Kitu cha thamani hakipelekwi zizini. Ungeivaaje Jumanne kuchonga nira, wakati mwanao amekwambia itunze? Ulinitii. Ukaitoa siku ya heshima, na siku hiyo ya heshima ndiyo yenye kelele kuliko zote za wiki. Hakuna mashine ya sikio duniani ambayo ingependwa kwa kuanzia hapo. Nikiijaza ile karatasi yetu ya ghalani kwa haki, pale kwenye sababu ya kurudi ningeandika jina langu.

Lipo baya zaidi, nami nimelikubali. Niliposema aitunze, sikuwa naiwazia mashine. Nilitaka ujue kwamba nimeteseka. Nilitaka ukiigusa uone joto la huku, na chumba cha watu sita, na Krismasi mbili ambazo sikuja. Niliifanya nzito, ndiyo maana ikakaa sandukuni. Majuto ni mjukuu, na haya yamenijia na nyonga ya Mama. Paskalina anasema tangu siku ile huongei, unakaa tu kando ya kitanda umeinamisha kichwa. Usiinamishe kichwa, Baba. Kosa la Jumanne ni langu. Wewe ulifanya nilichokwambia, na nakuomba unisamehe, wewe na Mama.

Sasa naomba unitii kwa jambo la pili kama ulivyonitii kwa la kwanza. Leo hii, ukimaliza kusoma, ivae. Usingoje Jumapili. Kaa nayo ndani, mlango umefungwa, saa moja kwanza. Utasikia kuni zinavyopasuka, utasikia kuku, utasikia hata shati lako linavyokwaruza. Itakukera. Vumilia kidogo, kesho uongeze. Ukizoea, nenda nayo zizini, nenda nayo shambani. Mvua ikianza, ivue uifute, uitie mfukoni, basi. Ikianguka kwenye matope iokote. Ng'ombe akiikanyaga, sawa, nitatafuta nyingine, na sitauliza. Shabani amekuja na betri za kutosha, na atamwonyesha Paskalina jinsi ya kuzibadili. Nimemwambia dada pia achukue lile boksi na kitambaa alichokifuma cha kulifunika, avitie motoni vyote viwili. Huku ghalani nimejifunza kwamba kitu kisicho na boksi hakirudi.

Nisalimie wote. Mjomba Tluway wa Tumati, mwambie habari ya dume lake nimeisikia na ninamdai mchuzi. Shangazi Martina aliyeuacha mji wake kuja kutusaidia kulima, mwambie Mungu amlipe. Jirani yetu Mama Fabiano, anayekuja kila asubuhi kumgeuza Mama, mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Katekista naye, mwambie asitegemee sana kukuona na mashine kanisani mwezi huu, na kwamba nimesema mimi. Dada Paskalina hahitaji salamu, anahitaji kupumzika. Nikipata likizo mwakani nitakuja nimpokee kazi hata kwa mwezi mmoja.

Nina neno moja la kumalizia, ambalo Paskalina alinieleza juzi na bado halijanitoka. Anasema mchana, mkibaki wawili, Mama anazungumza na wewe. Anazungumza muda mrefu kwa ile sauti yake ya chini, wakati mwingine mpaka anapumzika katikati, na wewe unaitikia kwa kichwa ili asijue kwamba husikii. Dada anasikia akiwa jikoni. Nilimuuliza ni maneno gani, akakataa kuniambia. Alisema si ya kwake wala si ya kwangu. Ni ya kwako, Baba, na daktari hajatuahidi kwamba atayasema tena mwakani.

Mwanao,
Emanueli