Mguu wa Mwende kwenye Karatasi

Gatina, Kawangware
Alhamisi jioni

Mke wangu, Mama Mwende,

Mko salama hapo nyumbani? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu tu? Mgongo wa mama unaendeleaje, na wewe, unapata usingizi? Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, watu wananiita pasta. Nilianza barua hii kwa Kikamba nikashindwa, kwa maana Kikamba kinalia chenyewe. Kwa Kiswahili naweza kusema jambo mpaka mwisho. Ukiiwashia moto kabla hujaisoma, sitakulaumu. Miezi mitatu hujanijibu, na mimi ningekuwa wewe nisingejibu.

Nataka nikueleze ile Jumamosi, maana hujaisikia kutoka kinywani mwangu. Telegramu ya ndugu yangu Mutua ilinikuta mchana kwenye benchi, nakata akala, viatu vya tairi la lori. Zilikuwa za Mwende. Unakumbuka ulivyonitumia mguu wake, umeuchora kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, ukaandika pembeni, "Acha nafasi ya kukua." Moja nilikuwa nimeimaliza. Nikasoma: Mwende amefariki, tunakungoja. Basi la Kitui lilikuwa halijaondoka. Ningelipata, Mama Mwende. Sitakudanganya.

Lakini kesho yake tulikuwa na ubatizo kule Kibera, kwenye bwawa, na mimi ndiye niliyewafundisha wale watu mwaka mzima. Wazee wa kanisa wakaja chumbani kunipa pole. Mmoja akasema, "Uamuzi ni wako, ndugu, lakini kiongozi ndiye wa kwanza kuumia." Ala! Maneno hayo ni yangu. Nimeyahubiri mara ngapi, kwamba mchungaji hali kabla ya kondoo, halali pakavu kondoo wakinyeshewa. Nikaona haya kuyakana siku yaliponifikia mwenyewe. Jumapili nikaingia majini. Maji yalinifika kifuani na sikusikia baridi. Jumatatu Mutua akatuma habari kuwa mmeshamzika, nikasema, sasa naenda kufanya nini? Nikarudi kwenye benchi. Tangu siku ile nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Sijalia hata mara moja, na hilo linanitisha.

Basi watu wakaanza kunisifu. Wee! Gatina hadi Kabiro: "Huyo ndiye pasta, hakurudi nyuma hata kwa mazishi ya mtoto wake." Nikaalikwa kutoa ushuhuda kwenye kanisa letu la Kisumu Ndogo, askofu akiwepo. Hapa naona aibu kuandika. Niliitoa ile karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, nikawainulia juu waione. Mguu wa mtoto wetu. Kina mama walilia, wazee wakapiga haleluya, askofu akavua miwani akaifuta. Mimi nilisimama pale nikiwaza kwamba misumari ya akala imeniishia.

Tulipotoka, mama mmoja anayeuza samaki wa omena karibu na mlango wa kanisa, Mama Achieng', akanishika mkono. Hakunisifu.

"Pasta, na mama ya mtoto alizika na nani?"

"Na ndugu yangu," nikasema.

"Aliulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Kama anakubali kutoa hiyo sadaka yako. Maana naona wewe umebeba karatasi. Yeye alibeba mtoto."

Akaniacha hapo, akaenda kufunika omena yake, maana nzi walikuwa wengi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitoa, ndiyo, lakini nilitoa kilicho chako. Wewe ndiye uliyekesha na homa yake, wewe ukamwosha, wewe ukasimama mbele ya watu wakiuliza babake yuko wapi. Mimi nilipigiwa makofi.

Askofu anataka kunibariki uchungaji Jumapili hii, nishike makanisa yote mawili, hili la Gatina na lile la Kisumu Ndogo. Jana nilimwendea nikamwambia hapana, naenda nyumbani. Akanikumbusha yule baba wa kwenye Maandiko aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe. Nikamjibu, "Baba Askofu, yule alipanda mlima mwenyewe, yuko na mtoto. Mimi sikupanda." Akasema nafasi haitaningoja. Haya, isiningoje. Pengine nakosa tena, sijui. Bado naamini kiongozi lazima aumie. Ila nilidhani naumia mimi, kumbe nilikuachia wewe.

Karatasi nimeitia ndani ya barua hii. Ni yako. Haikuwa ya kuonyeshwa watu.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua mgongo nakuja nayo. Nisalimie Mutua, ndugu yangu, aliyesimama mahali pangu. Na shangazi yako aliyelala nawe siku zile, Mungu ambariki. Na mwalimu wa Mwende, ikiwa bado yupo hapo shuleni.

Barua hii nampa jirani yangu seremala, anasafiri kesho asubuhi, ili ikufikie kabla yangu. Mimi nakuja Jumamosi na basi la mchana, lile lile. Sikuombi unipikie, wala sikuombi unisamehe. Ukisema nilale kwa Mutua, nitalala kwa Mutua. Nakuomba jambo moja tu: uje unipokee njiani, au umtume mtu, kwa maana nitaingia kwenye boma langu mwenyewe na sijui mmemlaza upande gani.

Ni mimi,
Baba Mwende