Mdudu wa Pangoni Hana Sumu

Baba Mugisha,

Wamesema hana sumu. Jana mkutanoni kule kwenu Nyakasimbi, bwana mmoja kutoka Kayanga alisimama akaeleza kwamba yule mdudu wa pangoni ni jamii ya nge, mkia wake kipande tu, haumi mtu wala hadhuru mifugo. Watu wakasema, "Kumbe!" Basi. Wakaenda kunywa rubisi.

Mimi nilibaki nimekaa pale pale kwenye nyasi.

Nilikukumbuka siku uliponiwekea mmoja kiganjani, mdogo kama sisimizi, akipapasa kwa miguu ya mbele kama kipofu anayetafuta mlango. Nikapiga kelele. Ukacheka: "Mama Mugisha, mwache apite, ana safari zake."

Halafu wakaja wale wageni wa utafiti, ukawaongoza pangoni, wakachukua wadudu wachache kwenye vichupa. Mvua zilipogoma na ng'ombe wakaanza kufa, ikasemwa umeuza wenye pango, wale wadudu, na kwamba waliobaki wanalipiza kwa sumu yao. Rwegasira, kaka yako wa tumbo moja, ndiye aliyeinua panga la kwanza. Alikata migomba ya mlangoni mwetu huku mwanetu Mugisha akitazama. Wewe uliniambia tu, "Beba mtoto."

Tukakimbilia Nyaishozi, ukawa kibarua kwenye kahawa za watu, wewe uliyekuwa na kahawa yako. Kifua kikakumaliza. Nilipoomba tukuzike kibanjani kwenu, kwenye shamba la ukoo, karibu na mama yako, Rwegasira alijibu, "Msituletee balaa lile." Tukakuzika kwenye ardhi ya kanisa, na kwenu hakuja hata mtu mmoja. Hata mmoja!

Jana Rwegasira alinifuata baada ya mkutano. Amezeeka, anatembelea fimbo. "Shemeji, rudini nyumbani. Yale yamekwisha."

Yamekwisha kwa nani? Hakusema amekosa. Hakulitaja hata jina lako. Nilitamani kumtemea mate, nikageuka nikashika njia ya kurudi.

Mugisha atarudi kulima. Kibanja ni haki yake, sitamzuia. Mimi siendi. Nimekwisha kumwambia: siku yangu ikifika, asinizike kwa ndugu zako, hata wakilia, hata wakipiga magoti. Anizike hapa Nyaishozi, kwenye ardhi ya kanisa, anilaze ubavuni mwako.

Pumzika, mume wangu. Hutalala ugenini peke yako.

Mama Mugisha