Kwa Baba, Aliyesomea Hukumu Jikoni

Ni mwaka mmoja sasa tangu penseli yako ilale mezani bila mtu wa kuichonga.

Hatutaandika kwamba kila mtu alikupenda. Si kweli, na wewe ungeifuta sentensi hiyo. Mawakili walikuita Msumari, kwa kuwa ulishika maneno ya sheria yalivyoandikwa na hukung'oka. Ulipolisikia jina hilo ulicheka: "Bila msumari, bati lenu lingekuwa kwa jirani."

Majaji wenzako walipeleka watoto shule kwa gari la serikali. Sisi ulitupita barabarani tukienda kwa miguu, ukatupungia mkono. "Serikali haikunisaidia kuwazaa." Lakini viatu vyetu ulivipiga rangi mwenyewe kila Jumapili jioni, jozi tatu, ukiuliza nani ana mtihani.

Kila hukumu uliisomea jikoni kabla ya kuitoa mahakamani. Mama alimenya vitunguu huku akisikiliza, na sentensi asiyoielewa uliikata palepale. "Mwenye kesi hakusomea sheria," ulituambia. "Lazima aelewe kilichompata."

Kisha ikaja ya mjane. Alikaa na mumewe miaka ishirini na sita bila cheti cha ndoa. Uliandika kwamba pasipo cheti sheria haimtambui mke, na nyumba ikawa ya ndugu wa marehemu. Mama aliweka kisu chini.

"Kuna usichoelewa, Mama Watoto?"

"Nimeelewa yote. Ndiyo maana imeniuma."

Hukubadilisha hata nukta. Wapo waliokusifu, wapo walioacha kutusalimia.

Tangu siku hiyo, Mama akikuona na karatasi alifunga mlango wa jikoni. Uliendelea kusoma, umesimama upande wa pili, miaka mitano. Ulipolazwa, ulimuuliza binti yako mkubwa: "Hivi mama yako hakusikia hata moja?" Alikurekebishia mto, na wiki ile ile ukaondoka.

Anakujibu leo. Mwezi uliopita Mama aliomba asomewe rasimu zako za miaka ile mitano. Binti yako alianza na ile ya mpaka wa shamba. Alipotua kuvuta pumzi, Mama, macho yakiwa kwenye vitunguu, akaimalizia sentensi neno kwa neno. Akafanya hivyo kwenye ya pili, na ya tatu.

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Mlango wenyewe mbao tu, mwanangu." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mwandikie ajue. Ila ile ya mjane bado naikataa. Na hilo liandike."

Tumeliandika.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu watano, na karani aliyekutumikia miaka kumi na tisa, ambaye hadi leo hupiga simu kuuliza hali ya Mama. Tutakukumbuka daima, Baba, kama ulivyokuwa, bila kufuta neno.