Kila Nikisimama Kuwahutubia Wakwe, Mtandao Unakatika

Mama Nakiru mpendwa,

Nipokee na shida yangu, na ukitaka kucheka, cheka tu, maana mke wangu Adau ameshacheka mpaka akachoka, sasa ananihurumia, na hiyo huruma ndiyo inayoniuma zaidi. Mimi ni mzee wa hapa Kakuma, mtu wa Bor, Sudan Kusini, kwa kuzaliwa, nina duka la sabuni, sukari na kandambili, na Kiswahili changu nimefundishwa na wateja, kwa hivyo ukiona kimepinda, kinyooshe wewe. Nina binti anaitwa Nyanut, ni mtoto wa marehemu ndugu yangu lakini nimemlea mimi tangu anabebwa mgongoni, na sasa amepata mchumba, kijana mzuri anaitwa Aguer, ambaye yuko Melbourne kule Australia pamoja na baba zake wadogo na wajomba zake wote, na kwa kuwa wao hawawezi kupanda ndege ukoo mzima waje Kakuma, na sisi hata tukipanda punda hatufiki, tulikubaliana mazungumzo ya ndoa yafanyike kwa Skaipu, wao wakae sebuleni kwao, sisi tukae kwetu, tutazamane macho kwa macho kama watu.

Laptop ninayo, na waifai napata kwa Duop, kijana mwenye saiba, duka la intaneti, ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Mahali pa kukaa ndipo nilipofikiri sana. Nyumba yangu ya kulala ni ya matofali ya udongo, nikaona aibu watu wa Melbourne wauone udongo wangu, kwa hivyo nikachagua chumba kipya nilichojenga kando ya duka, mabati matupu, kuta mabati, paa mabati, mlango bati, kinang'aa mpaka ndege wanakikwepa, nami nikikitazama asubuhi huwa najisikia kama mkurugenzi.

Siku ya kwanza tulikaa mimi na wazee sita, saa nane mchana, kwao watu wanakaribia kulala. Laptop ikawekwa juu ya sanduku la bati lililotandikwa kitambaa cha Adau cha kufuma. Mama Nakiru, ilishika! Tuliona mpaka kalenda yao ukutani. Tukasalimiana, mchungaji akaomba, wakatuuliza habari ya mvua, tukawadanganya kidogo. Halafu baba mdogo wa Aguer akasema, "Sasa wakwe, tuingie kwenye neno." Kwetu Bor neno hilo huzungumzwa hadharani, lakini hapa kambini majirani wamekaa mgongo kwa mgongo, ukitaja ng'ombe wa mahari ukiwa umeketi, kabla hujasimama wameshafika sokoni na idadi imeongezeka, kwa hivyo nikatoa ishara, mlango ukafungwa na komeo likatiwa, nikasimama, nikavuta suruali, nikaanza hotuba niliyoitunga tangu Krismasi: "Wakwe zetu watukufu, fahali wa babu yangu Adhar..." Basi. Picha ikaganda, mkwe wangu mdomo wazi kama kiboko, vile vijiti vya mtandao vikashuka, vikashuka, kikabaki kimoja, nacho kikaondoka, ikabaki alama ya njano. Tukangoja tukitoka jasho mpaka mchungaji akafungua vifungo vya shati. Nikaibeba laptop mbio kwa Duop, kufika pale vijiti vyote vimesimama kama askari, lakini wakwe wameshalala.

Duop ni fundi, simlaumu. Aliizima akaiwasha. Akafuta jina la waifai, akaniambia niandike paswadi upya, nikakosea kwa sababu ya herufi kubwa, nikaandika tena. Akatafuta virusi, akavipata, akaviua. Akakagua ile swichi ya pembeni ambayo mtoto akiigusa waifai inazimika, ilikuwa sawa. Akaja mpaka chumbani kwangu, akasimama mlangoni na laptop mkononi, akafungua video ya watu wanaocheza mpira, ikakimbia bila kukwama. "Mzee," akasema, "hii mashine iko sawa kuliko mimi."

Tukarudia. Salamu zikapita, maombi yakapita, tukafunga mlango, nikasimama, nikasema "Wakwe zetu watukufu," hata kwa babu sikufika. Kimya. Mara ya tatu nikajaribu ujanja, nikahutubia nimeketi. Kimya vilevile.

Sasa sikiliza kinachonitoa usingizi. Wiki iliyopita nilikwenda Lodwar kuchukua bidhaa, na wakwe wakapiga bila ahadi, na aliyepokea ni binamu yangu Mabil, mtu ambaye tangu utotoni akiniona na kitu anataka kukishika yeye. Alikaa kwenye benchi nje ya duka, laptop mapajani, akaongea nao mpaka betri ikaisha, na mtandao haukuyumba hata kidogo, Adau anasema hata alipokohoa, kikohozi kilifika Australia salama. Niliporudi nikamkuta amekalia kiti changu.

"Kuot, ndugu yangu, malesh, pole," akaniambia, mkono begani. "Waifai nayo ina masikio. Imekusikia, imekimbia."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Mimi sisemi. Vijiti ndivyo vinasema."

Wazee waliokuwa pale wakacheka, nami nikacheka, ungefanya nini. Lakini jioni Nyanut aliniletea chai, akasimama tu, haondoki. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba, Aguer ameniandikia. Wazee wake wanasema nyumba hii ng'ombe wakitajwa tu tunazima mashine, na hiyo ni dharau. Wanatupa Jumamosi moja tu, ile ya baada ya Pasaka. Ikikatika tena watatafuta nyumba ambayo mashine yake haina kiburi." Halafu akatazama chini. "Baba, kama ni wewe unayeuua mtandao, mwache baba Mabil aongee. Mimi nataka kuolewa."

Mama Nakiru, mimi ni mzee wa kanisa, mambo ya mkosi siyaamini, ila usiku nayaamini kidogo. Adau ananiambia, "Baba Nyanut, labda kule Australia mdomo wako umepigwa marufuku." Niambie ukweli. Nimpe Mabil nafasi yangu? Nimemlea binti huyu mimi, nilimsuka nywele mama zake wa hapa nyumbani walipokuwa wagonjwa, vibaya lakini nilisuka, na siku ya kumsemea nikae pembeni nipige makofi? Au nisimame tena nimharibie? Nikikosea hapa, atakayelia si mimi.

Kuot Adhar,
Kakuma


MAMA NAKIRU ANAJIBU:

Ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana, mzee Kuot. Ruhusa ya kucheka nimeitumia, nimeimaliza yote, na jirani yangu wa ofisini hapa Lodwar amekuja kuuliza kama niko salama. Sasa tuzungumze.

Huna mkosi. Mdomo wako hauna neno. Laptop haina neno, na yule Duop maskini ameua virusi ambavyo havikuwa vimemkosea mtu. Jawabu lako umeliandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, mara mbili, ukalipita kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Kila mara ukisimama kuhutubia, ni nini kimefanyika kabla hujafungua mdomo? Mmefunga mlango! Mlango wa bati, wa chumba cha bati, chenye paa la bati, na komeo juu. Waifai ya Duop ni mawimbi, inavuka barabara vizuri, lakini kwenye bati inagonga na kurudi. Ilikuwa inaingia kwako kwa njia moja tu, ile ile wanayoingilia wageni. Wewe umejenga debe, ukaingia ndani na wazee sita, ukafunika, kisha unashangaa Australia hawakusikii.

Kwa Duop laptop inashika kwa sababu mtambo uko pale pale. Duop alipokuja kwako, alisimama mlangoni, na nani angemfungia mlango mtu anayetazama mpira? Na Mabil hana kipaji chochote ambacho waifai inakipenda. Mabil alikaa nje. Basi. Mweke Mabil ndani, tia komeo, hata Zaburi ya ishirini na tatu haitafika barabarani.

Na hapa ndipo ninapokasirika, niambie, watu wazima saba, saa nane mchana, Kakuma, ndani ya mabati, mlango umefungwa? Mbuzi wenu wana akili zaidi, saa hiyo wameshatafuta kivuli. Mshukuru Mungu kwamba kilichokatika ni mtandao, sio mchungaji.

Halafu hiyo siri. Siri gani, mzee wangu? Kabla barua yako haijanifikia, mama mmoja muuza samaki kutoka kwenu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hapa akinisimulia kwamba Nyanut anaolewa Australia, na idadi ya ng'ombe alinitajia, na ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo ungethubutu kuiomba. Majirani zako hawajakosa kitu kwa mlango wako. Aliyekosa ni mkwe. Na wewe mwenyewe umesema, kwenu Bor neno hili husemwa mbele ya watu. Basi lisemeni mbele ya watu. Majirani wakisikia, waiteni mashahidi, wapeni soda, wanyamaze.

Sasa fanya hivi, na usingoje kesho. Mwite Nyanut, mwite na Mabil, hasa Mabil. Weka laptop chumbani mlango ukiwa wazi, wahesabie vijiti. Funga mlango, ngojeni kidogo, mtazame vikianguka. Fungua, mtazame vikirudi. Huhitaji kusema neno, na kwa mara moja katika maisha yako, usiseme. Mwache Mabil aone.

Siku yenyewe mlango uwe wazi kabisa, na uufunge kwa kamba kwenye mti au jiwe zito, kwa maana upepo wa huko ninaujua, utaupiga mlango katikati ya hotuba na mtaanza tena kutafuta wachawi. Laptop iondoe juu ya sanduku la bati, itafutie meza ya mbao, uisogeze karibu na mlango, lakini kioo kisitazame jua, wakwe wasije wakaona weupe mtupu. Mtu yeyote asisimame kwenye mlango kuchungulia, mwili wa mtu nao unazuia, na Mabil ana mwili. Mwombe Duop aangalie mtambo wake umekaa wapi, kama ameuficha nyuma ya friji ya soda, auinue juu, mahali unapoona barabara. Na siku hiyo awaombe vijana wa saiba waache kupakua sinema kwa saa moja, wakikataa mwambie awape kandambili zako.

Lakini kabla ya hayo yote, piga simu ya kawaida Melbourne. Wewe mwenyewe, sio Mabil. Waambie wakwe ukweli: kwamba uliona aibu ya nyumba ya udongo, ukawapeleka kwenye mabati, ukafunga mlango ili majirani wasisikie, kumbe ukawafungia wao. Usipambe. Wazee hao wamezaliwa kwenye udongo kama wewe, watacheka, na mkwe akishacheka hawezi tena kusema umemdharau.

Nyanut umemsikia vibaya. Binti aliyesimama na chai mkononi asiondoke hakuja kukuvua cheo. Alikuja kukuambia anaogopa, na akajilazimisha kusema la Mabil kwa sababu hakuona njia nyingine. Wewe ukashika neno la Mabil ukaliacha lile lingine. Nenda ukamwambie leo kwamba utasema wewe, na kwamba kila mtu atasikia. Usingoje Jumamosi, ataacha kula.

Mabil mpe kazi ya kutoa salamu za kufungulia. Ana kikohozi kinachofika mbali. Lakini neno la binti liwe lako. Aliyemsuka nywele vibaya ndiye anayesimama.

Sasa hotuba. Nimekutetea kwa mkosi, kwa hotuba sikutetei. Huyo fahali wa babu yako mwache kwanza alale. Anza na Nyanut: ni nani, amekuaje, kwa nini nyumba itakayompata itakuwa na bahati. Ukimaliza hapo, watakuuliza wenyewe habari za babu. Simama, vuta suruali, sema. Na kama mlango uko wazi, vijiti vyote vimesimama, na bado wakwe wakakatika ulipofika kwa fahali, usimwite Duop na mimi usiniandikie. Hapo watakuwa wamekata wao.