Godoro la Magogo

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi kaka yako nimetimiza miaka sabini na tisa. Nimewazika mabosi watatu, nimeyaona malori yote niliyoyatoa kwenye matope yakifa kutu mbele ya macho yangu, na meno yangu nayo nimeyaaga, isipokuwa manne ya mbele ambayo yamekataa kustaafu kama mwenyewe. Kwa hiyo ukiona mistari hii inapanda na kushuka, usiseme mkono wa kaka unatetemeka. Mkono ni ule ule. Kalamu ndiyo nyepesi mno, nami sikuzoea kushika kitu kisicho na uzito.

Salamu zangu zitangulie, zipige hodi, zivue viatu mlangoni na kukaa nanyi kitako. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameachana na kile kikohozi? Mwambie shemeji yake mkubwa bado anabeba ndoo kwa mkono mmoja, asiyeamini aje aone. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Ni mzima, ila viganja vyake vilichanwachanwa na nyasi, na sababu yake utaijua mbele ya safari.

Najua habari za mtambo wa kisima zimekufikia, maana mimi ndiye niliyemtuma mtu akwambie kwamba nimemshinda binti yako mchana kweupe, watu wote wakishuhudia. Leo nakusimulia mwenyewe tangu mwanzo, ukae vizuri.

Unakumbuka zamani lori likinasa walikuwa hawamwulizi fundi wala injinia. Walikuwa wanauliza mimi niko wapi. Nami nilikuwa na njia yangu: kwanza natandika nyasi nene, ambazo naziita godoro, halafu magogo yanalala kukatisha njia, bega kwa bega, halafu udongo kidogo juu yake, kisha namwambia dereva apite huku anapiga mluzi. Ndiyo maana nikaitwa Mzee Magogo tangu sijawa mzee. Binti yako alijifunza kutembea juu ya magogo hayo hayo, wewe umemshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Basi mwaka huu mtaa wetu ukapata zamu ya kuchimbiwa kisima. Maji ya kukanyaga tunayo tele hapa bondeni, ya kunywa ndiyo hatuna. Wapimaji wakasema maji mazuri yako ng'ambo ya kinamasi, na lori la mtambo ni zito kuliko nyumba. Nikanoa shoka langu, nikakaa mlangoni kusubiri kuitwa. Nilisubiri mpaka shoka likaanza kunishangaa. Kumbe wameajiri kampuni ya mikeka, na msimamizi wa mikeka ni binti yako, kavaa kofia ngumu na buti za mpira.

Ukisikia mikeka usidhani ya kulalia. Ni mibao ya plastiki, myeusi, minene kama kiganja changu kilivyo kipana, juu ina matuta ili tairi lisiteleze. Wanaipanga chini, kingo zinapandana, wanaikaza kwa pini, na asubuhi moja tu kinamasi kinakuwa barabara. Kazi ikiisha wanaing'oa na kwenda kuitandika kwingine. Hakuna shoka, hakuna jasho la maana. Kipya kinyemi ingawa kidonda: mtaa mzima ukashuka bondeni kuipapasa. Fundi cherehani, jirani yetu yule mwenye ulimi wa wembe, aliniuliza mbele ya wateja wake kama nimeshapata mnunuzi wa magogo yangu au nitayachemshia maji ya kuoga. Madereva wakaanza kumwita binti yako Bi Mikeka. Mimi jina langu nililipata kwa miaka ya matope mpaka kiunoni, yeye alilipata kabla chai ya saa nne haijapoa!

Wivu, mdogo wangu, ni kama mchwa, unakula huku rangi ya mlango inang'aa. Nilikuwa nahesabu nani amemsalimia yeye kwanza. Yule dereva wa lori la mtambo, tunayemwita Kidevu, rafiki yangu wa siku nyingi, alinipita njiani akaenda kumwuliza yeye ardhi ikoje. Na siku mke wangu alipompa binti yako kigoda changu akalie, kigoda nilichokichonga mwenyewe, sikula mchana ule. Nilisema tumbo linauma.

Sasa sikiliza. Kipande cha mwisho cha njia kinapita uani kwangu, pale penye matope laini kuliko uji. Nikasema hapa mkeka hauingii. Uani kwangu watapita juu ya magogo yangu au hawapiti kabisa. Mwenyekiti wa mtaa akaja na ujumbe wa watu kunibembeleza. Wakasema mtambo ukikwama au ukichelewa utapelekwa mtaa mwingine, na zamu yetu hatujui itarudi lini. Fundi cherehani akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba tutakufa kiu kwa ajili ya kuni. Nikatia pamba masikioni. Niliona heri ukose mtaa mzima kuliko mimi nionekane sina kazi. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Binti yako hakubishana. Alivua kofia, akakaa chini, akaniambia kwamba sawa baba mkubwa, kwako ni kwako, uani yatapita magogo, ila aliomba watu wake wamsaidie mama mkubwa kutandika godoro ili mimi nisiiname sana. Nikajua ameniogopa. Nilivimba, mdogo wangu, nusura vifungo vya shati viruke.

Nikaenda kwenye kile kiwanda cha mbao kilichokufa, nikachagua magogo moja moja kama mtu anayechagua mchumba. Kutwa nzima. Niliporudi nikakuta godoro limetandikwa, nyasi tele, zimeshindiliwa vizuri. Nikakanyaga. Mguu haukuzama. Nikaruka juu juu, ardhi ikanipokea kama sakafu. Nikawahutubia wale vijana wa mikeka, nikawaambia waone, hii ndiyo elimu, hata nisipokuwepo maagizo yangu yanafanya kazi peke yake. Wote wakatazama chini. Mmoja akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa buti za mpira zisizo na kamba. Hilo nililiona, lakini sikulitia maanani. Mtu anayejisifu ana macho ya mapambo tu. Mke wangu alikuwa anaosha viganja vyake kwenye beseni, vinavuja damu. Nikamwambia pole, kazi ya magogo si ya kila mtu. Kisha nikayalaza magogo yangu juu ya godoro lile, bega kwa bega, na udongo kidogo juu yake.

Siku ya siku ikafika. Lori likaingia kwenye mikeka ya binti yako taratibu, mikeka ikalia, maji yakaruka pembeni, lori likainama kidogo upande mmoja. Moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka lizame hata nusu tairi, nipate la kusema. Halikuzama, likafika mpakani kwangu. Likapanda magogo yangu. Mdogo wangu, halikutikisika! Hakuna gogo lililobonyea. Kidevu akatoa kichwa dirishani akasema mzee leo umetandika kitanda cha bwana harusi. Nikacheza pale pale na mtaimbo begani. Nikampigia kelele binti yako mbele ya watu wote, nikamwambia plastiki ni ya ndoo na mabeseni, njia ni ya miti. Yeye akapiga makofi. Alipiga kuliko wote, na fundi cherehani akageuka upande, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia kwa aibu ya maneno yake.

Kisima kikachimbwa, maji yakatoka, matamu. Kila aliyekuja na ndoo nilimpitisha kwanza uani nimwonyeshe magogo. Ndipo nikakutumia zile habari.

Mtambo ukaondoka, mikeka ya kinamasini ikakusanywa. Baada ya hapo Kidevu akaja kunitembelea. Katika maongezi akasema binti yako yuko matatani kazini. Kuna mikeka haijarudi ghalani, inatakiwa kwenye kazi nyingine, na akiulizwa iko wapi anajibu tu kwamba iko salama ataileta. Bosi amemwambia isipoonekana kufikia mwisho wa wiki avue kofia aende zake. Na hapa, mdogo wangu, usiichane barua: nilifurahi. Nikamwambia Kidevu kwamba wakati wangu halikupotea gogo hata moja. Kidevu akaweka kikombe chini, akasema wewe mzee wewe, akaondoka chai ikiwa nusu.

Kesho yake niliamua kung'oa gogo moja nitengeneze benchi, niliweke langoni, wapita njia wakae na kunisikiliza. Nikaingiza mtaimbo chini ya gogo. Ukagonga kitu. Haukulia kama jiwe, wala haukuzama kama kwenye udongo. Nikapiga magoti, nikafukua nyasi kwa mkono. Mkono ukagusa kitu cha baridi, chenye matuta.

Nikang'oa gogo la pili, mkeka. La tatu, mkeka. Nilikwenda hivyo mpaka mwisho wa ua. Chini ya godoro langu, mdogo wangu, kulikuwa na barabara nzima ya binti yako, imekazwa kwa pini, imefunikwa nyasi kwa ustadi ili kaka yako asiione. Magogo yangu yalikuwa pambo. Na hakuna aliyeweza kuifunika namna ile bila mke wangu mwenyewe. Ndizo zile nyasi zilizomchana viganja. Nikakumbuka buti zisizo na kamba. Nikakumbuka mabega ya fundi cherehani. Mtaa mzima ulijua, hata yeye mwenye ulimi wa wembe aliumeza wembe wake. Mjinga alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa anacheza.

Nikakaa juu ya gogo. Hasira ndiyo iliyotangulia, nilitaka kuchoma kila kitu. Kisha likanijia lile la Kidevu. Binti yako anajua mikeka ilipo, lakini hawezi kuja kuichukua bila kunivua nguo mbele ya watu. Yuko tayari kuvua kofia yake kazini ili mimi nibaki na jina langu mtaani.

Mke wangu akatokea, akaniona na mtaimbo, matope mpaka kwenye viwiko. Akauliza kama gogo la benchi limefaa. Ningeweza kusema limeliwa na mchwa, nikarudisha nyasi, na mambo yangebaki vile vile. Nikamwambia alete kamba.

Mikeka ile ni mizito, siwezi kukudanganya. Lakini magogo ni duara. Nikayapanga yakawa magurudumu, nikauvuta mkeka wa kwanza juu yake, ukateleza mpaka langoni. Nikarudia mmoja mmoja, jua likiwa utosini, watu wakipita. Nikaiosha kwa maji ya kisima, nikaipanga pale pale nilipotaka kuweka benchi, nikakaa juu yake. Fundi cherehani akaja, akauliza kwa upole usio wake mzee hii ni nini. Nikamjibu kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa kwamba hii ndiyo iliyobeba lori, na mimi pamoja nalo. Hakucheka. Alirudi dukani kwake akaniletea maji ya kunywa.

Nikamtuma Kidevu. Binti yako akaja na lori la kampuni kabla wiki haijaisha. Alipoiona mikeka imepangwa na mimi niko juu yake, alisimama kama aliyekutana na nyoka. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Nikamwambia tu kwamba kazi ilikuwa nzuri, ila upande wa kushoto wa ua nyasi zilikuwa chache, ningekuwa mimi ningeongeza. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, akasema ndiyo baba mkubwa, siku nyingine nitaongeza. Mikeka ikapakiwa. Kofia yake bado iko kichwani. Kabla ya kupanda lori alikalia kigoda changu, nami nilikula mchana.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Usidhani wivu umeniisha, kwa umri huu hakuna kinachoniisha isipokuwa meno. Umehama tu. Sina tena kijicho na mikeka, wala jina la Bi Mikeka. Nakuonea wivu wewe, mdogo wangu. Tulimshika mkono wote wawili, wewe mmoja mimi mwingine, lakini watu wakiuliza ni binti wa nani, unatajwa wewe. Hilo sijui nilitandikie magogo gani nilivuke.

Msalimie shemeji, wasalimie majirani wote waliosikia zile habari zangu za kwanza, na uwasomee hizi za pili kwa sauti ile ile.

Ukiona nimetia chumvi, muulize Kidevu, ambaye chai yake aliimalizia siku ya pili. Muulize mke wangu, akuonyeshe viganja. Muulize fundi cherehani, ingawa naye siku hizi ananisifu kupita kiasi na ananitia mashaka. Ila binti yako usimwulize. Atakwambia yalikuwa magogo.

Ndimi kaka yako,
Mzee Magogo