Moyo Wangu Haukuwa Mgonjwa

Kwa Khamala Seremala,
Kawangware 56,
Nairobi.
9 Juni, 1983.

Mpendwa kaka Wakoli,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Huko Kitale mvua inanyesha? Na wifi, ule mguu umepona? Hapa mtoto hajambo, ananyonya kama aliyetumwa. Mimi ndiye si mzima.

Ulisikia nilijifungua kwa kupasuliwa. Hawakunitia usingizi, kaka. Walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, lakini masikio yalikuwa wazi kabisa! Nikashikwa na kizunguzungu, daktari akasema presha imeshuka, sista akanitia dawa kwenye mshipa. Hapo hapo moyo ukaanza kwenda mbio na kurukaruka, nikajua nakufa. Daktari akafoka, "Umempa kiasi gani?"

Hadi leo haujatulia. Nikibeba ndoo moja ya maji lazima niketi.

Nilipouliza, wakasema ugonjwa nilikuja nao. Mimi? Wakafungua faili: ana shida ya moyo tangu Machi, amesema mwenyewe.

Kusema nilisema. Kabla sijaingia sista aliniuliza kama moyo una shida, nami nikamjibu kwamba tangu tumzike mama mwezi wa tatu, moyo unaniuma sana. Nilikuwa nalia, Wakoli! Nani asiyejua uchungu wa kufiwa?

Haya, kama waliamini ni mgonjwa, mbona wakanitia dawa ile bila kujali? Na kama hawakuamini, mbona leo wananisomea? Hawa wanaficha kitu.

Sasa Jumatatu wanataka niweke sahihi kwamba ugonjwa ni wa zamani, ndipo wanipeleke kwa daktari wa moyo. Mume wangu anasema niweke tu, yaishe. Juzi nilimwona akinong'ona na sista yule nje ya hospitali, na hajaniambia walisema nini. Hata yeye simwamini tena. Batul, yule Mnubi wa Kibera ninayeuza naye vitambaa, anasema nikiweka nimejizika.

Nitaweka. Mtoto ana wiki tano tu, nataka kupona nimlee.

Nisalimie wifi, Nabwire na mzee wetu Wesonga, lakini mzee usimsomee haya. Mungu awafunike nyote.

Itunze barua hii, kaka. Wakikuonyesha sahihi yangu ya Jumatatu, waambie ya kweli niliiweka hapa.

Dada yako akupendaye,
Nasambu